Intoryi Chungu ya Maman Nabintu

Maman Nabintu tulimzika mwezi uliopita, kule Mururu, siku ya Jumanne. Viti nilileta mimi, hema nilileta mimi, na gari lililobeba jeneza ni langu, lile jeupe lenye jina langu mlangoni. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kamembe wananijua: mtu akitaka mche wa nyanya, wa seleri, wa pilipili, wa kabichi, anaambiwa nenda kwa Faustin. Shule niliishia darasa la nne, na maagronomu, mabwana shamba wenye diploma, wanakuja kusimama ndani ya nyumba zangu za plastiki, daftari mkononi, wananiuliza hili umelifanyaje. Nawaambia, sina choyo. Lakini pale msibani, Noella, binti wa marehemu, aliponishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ni wa nyumbani, mama njo alimufundisha kuchagua mbegu," niliinamisha kichwa na watu wakadhani ninalia. Sikuwa ninalia. Nilikuwa nauwaza mwaka ule mmoja niliokaa kwao nikisaidia bustanini, nikiwa na miaka kumi na tisa. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu kule Nkungu hazina kazi kwenye kitabu hiki, naziacha.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na jiko la nje. Mimi nilipewa chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo ya majembe, na harufu ya udongo mkavu na dawa ya panya haikuwahi kutoka mle mpaka nilipoondoka. Chumba cha kando yangu kilikuwa cha Papa Idrisa, mpangaji, Mwislamu wa Bugarama aliyefanya kazi ya simenti mpaka kifua kikakataa, akapanda huku juu kutafuta hewa. Kikohozi chake ndicho kilichokuwa kinaniamsha asubuhi. Lakini chumba kilichotawala nyumba nzima kilikuwa jiko, na ndani ya jiko ukuta mmoja, ule wa nyuma ya mafiga. Tunda la mbegu likiiva mpaka kupitiliza, Maman Nabintu alilikamua, akachanganya mbegu na majivu, akazibandika pale ukutani kwa kiganja: bapa la nyanya ndogo, bapa la pilipili, bapa la intoryi, ile ambayo wengine wanaiita nyanya chungu. Moshi ulizikausha na wadudu hawakusogea. Asiyejua angesema ni uchafu. Mimi siku yangu ya kwanza nilichukua ufagio na maji ili nionyeshe bidii, na nilikuwa nimeanza kusugua aliponikuta. "Weye!" alipiga kelele. "Uko nafuta chakula ya mwaka kesho!" Papa Idrisa, aliyekuwa mlangoni anapasha maji yake ya kutawadha, alicheka mpaka akakohoa. "Muache, Maman," akasema, "kwao Nkungu bukuta ya jiko iko safi kwa sababu hakuna kitu ya kupika."

Leo wateja wangu wanachagua mbegu kwa macho. Wanaona picha kwenye pakiti, tunda linang'aa, wananunua. Nawauzia, si kazi yangu kumfundisha mtu mzima. Maman Nabintu hakuamini macho hata kidogo. Alikuwa mtu wa Bushi, ng'ambo ya mto, upande wa Bukavu, aliyeolewa akaletwa Mururu, na bustani yake ya nyuma ya nyumba haikutosha kuweka aina mbili za kila kitu. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa, katika msimu wa mavuno, kulikuwa na kile alichokiita kuonja. Vyungu viwili vidogo juu ya moto mmoja. Maji na chumvi kidogo, basi. Hakuna mafuta, hakuna samaki wadogo wa ndagala, hakuna kitunguu, kwa sababu, alisema, ukiweka ndagala hata majani ya mbuzi yatashinda. Aliyechuma haonji, maana anajua kipi ni kipi. Yeye mwenyewe hakuonja pia, maana ndiye mpishi. Walioonja walikuwa Papa Idrisa, Noella, ambaye wakati ule alikuwa anauza mboga soko la Kamembe, na mara nyingi wanawake wawili wachuuzi kutoka Bukavu waliokuja kununua mafungu ya kuvusha Jumatatu. Kila mmoja alipewa punje moja ya mahindi, akaiweka juu ya kifuniko cha chungu alichokipenda. Aina iliyoshindwa iling'olewa. Iliyoshinda, shina lake bora lilifungwa ukamba wa mgomba, na tangu hapo hakuna mkono uliogusa jani lake mpaka litoe mbegu.

Nakumbuka Jumapili ya lengalenga, mchicha wetu, kuliko misa yenyewe. Kulikuwa na ya shina jekundu na ya majani mapana ya kijani. Mvua ilikuwa inapiga mabati na tulikuwa tumebanana jikoni, moshi machoni. "Hii ya kwanza inateleza," alisema mchuuzi mmoja. "Inashuka mbele hujasema aksanti." "Njo uzuri wake," Papa Idrisa akajibu, "muntu hana meno anapata haki yake." "Papa Idrisa, simenti ilikuharibia ulimi." "Simenti ilikula kifua. Ulimi niliuficha." Noella alionja mara tatu, akafunga macho, akaonja tena. "We binti," Papa Idrisa akamwambia, "tuko nachagua mboga ao tuko nachagua bwana?" Maman Nabintu hakucheka wala hakuharakisha mtu. Alikaa kwenye kigoda chake na kuwaangalia midomo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasoma nyuso kuliko punje: nani ameongeza bila kuombwa, nani ameacha kipande ukingoni mwa sahani. Mpaka leo nikiwapa watu kitu waonje ninafanya vivyo hivyo, na nakwambia hainidanganyi.

Mvua ile ile ndiyo iliyoleta neno langu. Bati la juu ya mafiga lilitoboka, maji yakashuka ukutani siku nne kabla hatujaona, na bapa la intoryi likaoza lote. Mengine yaliponea pembeni. Ile intoryi ilikuwa ya mama yake, aliibeba kutoka Bushi siku ya kuolewa. Mama alikuwa amekufa, shamba la kwao lilikuwa la watu wengine, na majirani wa Mururu hawakuitaka kwa sababu ya uchungu wake. Kilichobaki duniani ni mashina kumi na mawili yaliyokuwa yamesimama bustanini. Na mwisho wa tuta lile lile palikuwa na mashina yangu. Nilikuwa nimekuja na mbegu za intoryi ya Nkungu ndani ya kitambaa, tunda nene, jeupe, tamu kidogo, na yeye kwa heshima aliniruhusu kupanda. Alipoona zote mbili zinatoa maua na nyuki wanatoka huku kwenda kule, aliniita.

"Faustin, hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Zitachanganyika, tutabaki na kitu haina baba haina mama."

"Sasa, Maman?"

"Tutaonja. Ya kushindwa inatoka. Ya kushinda tunakata maua yote iko nayo sasa, tunangojea maua mapya. Njo yatatoa mbegu safi."

Kisha akasema lililobaki. Ikishinda yangu, atanipa kipande cha chini, kando ya kijito, nilime nusu kwa nusu naye, kwa sababu intoryi tamu ina soko na itahitaji mikono. Ikishinda yake, bustani itabaki ndogo kama ilivyo, mavuno yakiisha nirudi Nkungu, hana cha kunilipa. Hakusema kwa ukali. Aliongea kama anayepanga vikombe. Mimi nilisikia neno moja tu, kurudi. Vijana wa leo wanafikiri sisi tuliofika tulizaliwa tumefika. Mimi nilikuwa na mashati mawili.

Intoryi, kwa asiyejua, ina siku zake. Ichume ikiwa changa, ngozi inateleza, mbegu ni laini kama za tango, uchungu wake ni ule unaokufanya utake ugali zaidi. Ichelewe siku nane au tisa, ukingo uanze kugeuka njano karibu na kikonyo, mbegu zinakuwa ngumu na uchungu unageuka dawa. Hili alinifundisha yeye mwenyewe, wiki yangu ya pili pale. Jumapili ile mchumaji nilikuwa mimi. Kwenye mashina yangu nilichagua changa, saizi ya yai la kuku. Kwenye yake nilipita changa nikaziacha, nikaenda kwa zile zilizojificha chini ya majani, zilizozeeka, na pale penye rangi ya njano nikapaondoa kwa kisu pasionekane. Nilikata vipande jikoni kabla hajarudi kutoka misani, nikaviweka kwenye maji. Haikuchukua muda mrefu. Sikutetemeka, sitaki kudanganya kwenye kitabu changu mwenyewe. Nilikuwa na haraka tu.

Mchuuzi wa kwanza alitema mkononi. "Maman, samahani, hii iko dawa ya kinini!" Mwenzake alimeza akanywa maji kikombe kizima. Papa Idrisa alitafuna polepole kuliko siku zote. "Maman Nabintu," akasema, "mimi miaka yote minakulaka hii yako. Leo imekasirikia nani?" "Piga kura, Papa," akajibu, "usitoe hotuba." Aliweka punje yake kwenye chungu changu. Wachuuzi wawili, chungu changu. Noella alishika punje muda mrefu, akamwangalia mama yake, na mama yake hakumpa uso wowote. Naye akaiweka kwenye changu. Kifuniko cha chungu kingine kilibaki kitupu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kuni. Nilifurahi, na nilitazama chini ili furaha isionekane.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni na chungu kile kilichoshindwa. Hakuwa amekimwaga. Alikuwa ametoa kipande, anakiponda kwa vidole viwili.

"Faustin, hii mbegu iko ngumu."

"Iko ngumu, Maman?"

"Ngumu. Ulichuma wapi?"

"Kwenye mti, Maman."

"Najua kwenye mti. Intoryi haiotaki kwenye waya ya umeme." Aliponda kipande kingine. "Zote ulichuma siku moja?"

"Siku moja."

Na hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana niliisema kwa sauti nzuri. Alirudisha kipande chunguni akafunika. Jumanne hakung'oa. Tulipalilia vitunguu bega kwa bega asubuhi nzima na aliniuliza kama chumba kinavuja. Jumatano, tukinywa uji, Papa Idrisa akiwa ameenda sokoni, alisema akitazama kikombe chake, "Kama muntu ana neno, asubuhi ni nzuri ya kulisema. Tumbo halijajaa, roho iko nyepesi." Nilimwuliza kama kuna sukari. Alinisogezea sukari. Nimefikiria mara nyingi kwa nini hakusema basi, turudie kuonja. Angeweza, nyumba yake, vyungu vyake. Nadhani ni hivi: ili arudie ingebidi aniite mwongo mbele ya wachuuzi, mimi niliyekula kwake tangu Septemba, na kwa watu wa rika lake kumwita mtu mwongo juu ya chakula ulichomgawia mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kung'oa miti. Alinipa siku tatu. Siku tatu si kidogo. Watu wamenipa mimi dakika tatu nikaamua mambo makubwa zaidi.

Alhamisi aling'oa. Alivuta shina moja moja, akapiga udongo wa mizizi kwenye mpini wa jembe ili udongo usipotee, akanipa mkononi. Kumi na mawili. Nilipeleka kwa mbuzi, mbuzi akala majani akaacha vishina. Niliporudi alikuwa ameshainama kwenye mashina yangu, anakata maua kwa ukucha, kama alivyosema atafanya, bila kuruka hata moja, kisha akachagua shina langu lililo bora na kulifunga ukamba wa mgomba. Alilichagua vizuri. Intoryi nyeupe inayouzwa leo kutoka Kamembe mpaka Nyakabuye, na ng'ambo pia, ukiifuata nyuma utafika kwenye shina hilo. Hapo ndipo nilipoanzia. Kipande cha kando ya kijito nilipewa, nusu kwa nusu, na hakupunja hata siku moja. Mwaka uliofuata nilikodi changu, na kilichofuata watu wanakijua, wanaweza kuja kukitazama.

Sasa niseme lile ambalo maagronomu hawalijui. Nilipopata gari la kwanza nilianza kutafuta intoryi ya Maman Nabintu. Nilituma watu Bushi, soko kwa soko, nilienda mwenyewe. Kila intoryi chungu niliyoletewa niliipanda peke yake, mbali na nyingine, na ilipofika siku yake ya kuchumwa, changa, saizi ya yai, niliipeleka Mururu. Hatukuwahi kuzungumza kwa nini naleta. Nilifika, nikasalimia, nikatoa kifuko. Alipika kwa maji na chumvi, akatafuna, akasema, "Si yenyewe." Aliniambia hivyo miaka mingi. Wakati mwingine aliongeza: "Inafanana, lakini inachelewa kuuma." Au: "Hii inauma mbele, halafu inakimbia. Yangu haikukimbia." Nikatia kifuko mfukoni nikarudi. Noella, ambaye siku hizi ana nywele nyeupe kunizidi, alikuwa anasema, "Faustin, weye tajiri mzima, kila mwaka unakuja kuomba mama marks kama mutoto wa shule." Nilicheka. Nikaaga.

Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya mvua hizi. Mbegu niliipata kwa mwanamke anayeuza kikapu kimoja cha intoryi pale minibasi zinaposimama Nyakabuye. Alisema ni ya mama mkwe wake, aliyetoka ng'ambo zamani. Maman Nabintu alikuwa kitandani, haoni vizuri, na jiko lilikuwa la Noella sasa. Noella alipika, akampondea kipande kwa kijiko, akamtia mdomoni. Alitafuna kwa ufizi muda mrefu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kofia gotini.

"Njo hii," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Una hakika, Maman?"

Alinigeuzia uso. "Weye yangu uliikula siku gani, mpaka unaniuliza?"

Na kweli sikuwahi. Mwaka mzima ule, ikiletwa mezani, nilikuwa naisukuma pembeni kwa kijiko, nakula maharage. Vya uchungu sivipendi tangu utotoni. Siku ya kuonja sikuonja, kwa sababu aliyechuma haonji. Nimevuka mpaka mara nyingi, nimenunua mbegu kwa watu wa milima yote ile, nikitafuta kitu ambacho ulimi wangu haukukijua. Alisema tena, "Panda," akaomba maji, akalala. Wiki tatu baadaye Noella alinipigia simu.

Kama ilikuwa yenyewe, sijui. Huenda ilikuwa. Huenda alichoka kuniona mlangoni na kifuko. Huenda mdomo wa mtu aliye kitandani hauonji tena. Msibani nilimpikia intoryi ile Papa Idrisa, kikongwe sasa, aliyeletwa kutoka Bugarama na mjukuu wake. Alitafuna akanitazama. "Iko chungu," akasema. "Ile pia ilikuwa chungu. Unataka niseme nini, Papa Faustin?" Noella anasema ladha ile alishaisahau, na hakuna mwingine wa kumwuliza. Wachuuzi wale wawili sikujua hata majina yao.

Jana Noella alikuja kwangu Kamembe. Nilimwonyesha matuta sita ya intoryi ile, peke yake nyuma ya ukuta, hakuna nyingine karibu, ukamba umefungwa kwenye shina moja. Alifurahi. Akasema nikianza kuuza mbegu niandike kwenye pakiti "Maman Nabintu", na watu watajua mama aliishi. Ni wazo zuri la biashara pia. Nina mashine ya kuchapa. Nilimwambia akae. Halafu nikamweleza nilivyochuma Jumapili ile, zipi niliziacha na zipi nilizikata, na kisu nilivyokipitisha kwenye rangi ya njano. Ni mara ya kwanza kumweleza mtu. Alikuwa ameshika ganda la maharage kutoka kwenye kapu la mke wangu, akalipasua, akatoa punje, akachukua lingine. Alipasua matano au sita.

"Basi jina la mama usiandike," akasema.

Sikuandika.